Mgongo wangu si shoki ya boda
Wasee wa boda, tuambiane ukweli. Kila asubuhi nikitoka Mtongwe kwenda feri, kila shimo linanirusha kama gunia. Kisa? Springi za nyuma zimekazwa hadi mwisho ili mtu abebe mshikaki wa abiria watatu, na sheria inaruhusu mmoja tu!

Nikiwa peke yangu, shoki haibonyei. Kishindo chote naumia mimi, na tairi inaruka badala ya kushika barabara. Hiyo ringi ya shoki ina ngazi kwa sababu: mzigo mwepesi legeza, mzito kaza, pande zote mbili sawa. Ni spana tu. Na ikivuja mafuta, nunua nyingine, kukaza hakutibu.

Nauli nalipa kamili. Mgongo sijauza.