Simba yako ianze na mgongo wako

Nimeadimika, najua. Sababu yenyewe ndiyo mada ya leo: nilikuwa natengeneza simba.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa unayewaza mnyama mwenye manyoya shingoni, tulia. Huku kwetu Kamukuywa, kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, simba ni kijumba cha kijana pembeni mwa boma la wazazi wake. Wabukusu hutahiri katika miaka inayogawika kwa mbili (2022, 2024... wenzangu wa programu wangeandika mwaka % 2 == 0). Kijana akishapita hapo halali tena nyumba ya mama yake, anahamia simba. Wajaluo nao wana simba yao. Akioa na kujenga nyumba kamili, simba hubaki tupu, mara nyingi ikawa stoo ya mahindi au makao ya kuku.

Yangu ndiyo ilikuwa hivyo. Futi 10 kwa 10, kuta za udongo, mabati juu, sakafu ya saruji. Niliporudi kutoka Nairobi ili niwe karibu na mama, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kwenda sokoni peke yake, niliamua kazi yangu ya kuandika programu nitaifanyia humo. Hesabu ilikuwa rahisi: simba ikifaa, nabaki. Isipofaa, narudi Nairobi, na mama anabaki kuangaliwa na majirani. Kwa hiyo jambo hili halikuwa la mapambo.

Lakini nilianza na mapambo! Nilinunua sofa ya watu watatu, runinga kubwa, wufa, zulia na pazia zito. Vijana wa kijijini walikuja kuona wakasema, "Buda, umefika!" Nami nikavimba kichwa.

Wiki tatu baadaye mgongo ulikuwa unalia. Nilikuwa naandika nimejikunja kwenye sofa, kompyuta mapajani. Saa nane mchana mabati yalikuwa kikaango. Saa kumi mvua ya huku, ambayo haina utani, ikapiga mabati nikiwa kwenye simu na mteja wa ng'ambo. Akauliza kama niko karibu na maporomoko ya maji. Nikamwambia maporomoko yapo, ya Nabuyole, lakini yako Webuye... Hakucheka. Nilielewa kwamba nikipata simu mbili zaidi za namna hiyo, safari ya Nairobi imekaribia.

Sasa nitoe maoni yangu waziwazi: wengi wetu tunapamba kijumba cha nyuma kwa ajili ya macho ya mgeni, ambaye anakaa humo nusu saa, tukisahau mwili wa mwenyewe, unaokaa humo saa tisa. Mwandishi wa programu anajua kosa hili. Ni sawa na kutengeneza mfumo kwa kumfurahisha bosi anayeuangalia mara moja, huku karani anayeutumia kutwa akiteseka.

Yupo mtu aliyelielewa hili vizuri sana, na aliwahi kuishi huku kwetu. Roald Dahl, mwandishi wa vitabu vya watoto, alifanya kazi Dar es Salaam katika kampuni ya Shell kuanzia 1938, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza jijini Nairobi mwaka 1939. Mwaka 1940 ndege yake ilianguka katika jangwa la Afrika Kaskazini, na mgongo wake ukamsumbua maisha yote. Baadaye aliandika vitabu vyake katika kibanda kidogo nyuma ya nyumba yake, Great Missenden, Uingereza. Alikalia kiti cha zamani cha mama yake, akakikata tundu kwenye egemeo ili kisimguse pale panapouma. Mezani hakukaa kabisa, aliweka ubao juu ya kiti, mbele yake. Baridi ikija, alitia miguu ndani ya mfuko wa kulalia. Mtu aliyeuza vitabu vingi hivyo angeweza kununua kiti chochote duniani! Lakini alipima starehe kwa mwili wake.

Basi niliuza sofa na wufa, nikaanza upya kwa utaratibu huu.

Kwanza dari. Fedha ya sofa ilitosha dari ya mbao. Mabati ni chanzo cha shida mbili kwa pamoja, joto na kelele, na dari inapunguza zote mbili. Acha matundu ya hewa pembeni, juu ya dari, yenye wavu wa kuzuia popo, ili joto lipate pa kutokea. Kama bado hujaezeka, chukua geji 28 badala ya 30. Ni nene zaidi. Ukuta wa udongo usiuvunje: unachelewa kupata joto na unachelewa kupoa.

Pili kiti na meza. Fundi alinipima kuanzia sakafu hadi nyuma ya goti, sentimita 45, akakata kiti cha saipresi kwa kimo hicho, na meza ya kimo cha viwiko vyangu. Kompyuta nimeinua juu ya sanduku ili macho yatazame mbele, na kibodi nikatenga.

Tatu mwanga. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, jua la asubuhi na la jioni huingia kwa mashariki na magharibi. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini linakupa mwanga bila kukuchoma macho. Pazia zito lilinifanya niwashe taa saa sita mchana, jambo la aibu.

Nne baridi. Julai huku usiku una meno. Tafadhali, usiingize jiko la makaa ndani ya kijumba ukafunga mlango! Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na inaua mtu akiwa usingizini. Mfuate Dahl: blanketi miguuni.

Runinga, zulia na picha za ukutani vije mwisho, kama bado una fedha na bado unavitaka. Mimi sikuvitaka tena.

Binamu yangu alinipinga: "Mahali pa kupumzika bila sofa wala kitanda ni darasa." Ana hoja, kila mtu anapumzika kwa namna yake. Lakini kitanda nimekikataa kwa sababu moja. Kwetu nyumbani mama hana desturi ya kuingia mahali mwanawe wa kiume anapolala. Kitanda kimoja tu kingemfungia mlango. Badala yake nimeweka kiti kimoja cha mgeni, chenye mikono imara ya kumsaidia kuinuka, karibu na mlango.

Siku ya kwanza alisimama kizingitini, akachungulia kila kona akitafuta kitanda. Hakukiona. Akaingia, akakaa, akaegemea, akauliza, "Na wewe, hapa ndipo unapofanyia kazi?" Sasa kila saa nne anakuja na chai. Mvua ikinyesha tunasikilizana.

Nairobi nimeahirisha. Je, kijumba chako cha nyuma kimepimwa kwa mwili wa nani?

Tukutane tena, Mungu akipenda.