Mathare, vijana ndio wanaoongoza

MYSA, shirika la michezo la vijana, ilianza Mathare, Nairobi, mwaka 1987, kwa mpira na takataka. Timu iliyozoa taka mtaani iliongezewa pointi kwenye msimamo wa ligi. (Klabu za ligi kuu zijaribu hilo!)

Mwanzilishi, Bob Munro, ni Mkanada, lakini uendeshaji ulikabidhiwa vijana wenyewe: wanachaguana mtaa kwa mtaa, wanapanga ratiba, wanafundisha wadogo zao. Kujitolea kwao nako huhesabiwa pointi, na wanaofanya vizuri husaidiwa karo ya shule.

Timu ya soka ya Mathare United, iliyozaliwa ndani ya MYSA 1994, ilitwaa ubingwa wa Kenya 2008.

Mashirika ya vijana yenye bodi ya wazee watupu yaende Mathare yakajionee, kisha yawaachie vijana viti angalau viwili vitatu.