Machozi Yasiyo na Deni: Hoja Dhidi ya Uhakiki Unaoogopa Kilio

Katika uhakiki wa fasihi ya Afrika ya Mashariki kuna tuhuma moja ambayo hutolewa kwa urahisi na kupokelewa bila kudaiwa ushahidi. Ni tuhuma ya kwamba kazi fulani, au mtunzi wake, au msomaji wake, ni ya hisia nyepesi. Riwaya inayomliza msomaji hushushwa daraja papo hapo. Ushairi wa maombolezo hupitiwa haraka ili mhakiki ayafikie mashairi ya falsafa. Na mwanafunzi anayekiri mbele ya semina kwamba kitabu kilimtoa machozi hutazamwa kana kwamba amevunja mwiko. Makala haya yanadai kwamba tuhuma hiyo, kama inavyotumiwa na wahakiki wengi, imejengwa juu ya kipimo kibovu. Hupima wingi wa machozi mahali ambapo ingepaswa kupima deni linaloambatana nayo. Kipimo kilicho sahihi kikishatumika, wa kwanza kupatikana na kosa hilo watakuwa wahakiki wenyewe.

Ieleweke kwanza kwamba kipimo cha wingi kina historia, na historia hiyo si ya hapa. Laurence Sterne alipochapisha kitabu chake cha safari ya kihisia huko Uingereza mwaka 1768, kuitwa mtu wa hisia kulikuwa sifa: mtu wa hisia alikuwa muungwana ambaye moyo wake haujafa ganzi. Friedrich Schiller, katika insha yake ya mwaka 1795, alilitumia neno hilo kwa mshairi anayeyatafuta maumbile baada ya kuyapoteza, wala hakulitumia kama tusi. Tusi lilikuja kukomaa baadaye, na katika karne ya 20 likapewa heshima ya kitaaluma na I. A. Richards katika kitabu chake cha uhakiki wa vitendo cha mwaka 1929. Miongoni mwa maana alizozijadili, iliyopendwa zaidi na waliomfuata ni ile ya wingi: kwamba hisia huwa nyepesi inapozidi kiasi kinachostahiki jambo lililoiamsha. Hata hivyo, sura hiyo ya Richards ina nusu mbili. Nusu ya pili inahusu kujizuia, yaani ule ugonjwa wa kuogopa hisia ambao humfanya mtu aone wepesi kila mahali. Wahakiki wetu walirithi nusu ya kwanza wakaisahau ya pili.

Kiswahili hakina neno moja linalolingana na tusi hilo. Kina mtu wa huruma, kina mwepesi wa kulia, kina mwenye jazba, na kwa anayelia kwa hila kina machozi ya mamba. Haya ni mambo manne mbalimbali, na ni la mwisho tu lililo kosa la kimaadili. Aidha, methali husema kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Methali hiyo haikuweka kikomo cha sauti wala cha siku. Inachouliza ni jambo jingine kabisa: kilio hiki ni cha nani, na huyu anayeingia ana uhusiano gani na aliyekianza?

Swali hilo hujibiwa kwa uwazi mkubwa katika matanga ya Waluo, kutoka Masara na sehemu nyingine za Migori hadi vijiji vya Homa Bay vilivyo kando ya Ziwa Victoria. Mgeni aliyelelewa katika kipimo cha wingi akifika hapo atahukumu haraka kwamba watu wamezidisha. Atasikia nduru ya wanawake ikitangulia kuonekana kwao. Akihudhuria tero buru, ataona wanaume wakiwaswaga ng'ombe na kushika mikuki ili kukifukuza kifo nje ya mipaka ya boma. Atamsikia mpigaji nyatiti, chombo chenye nyuzi nane, akiutaja ukoo wa marehemu huku pete ya chuma kidoleni mwa mguu wake ikigonga mdundo juu ya mti wa chombo. Mwishowe atashangaa kuona wimbo huo huo wa maombolezo ukikatizwa. Mwombolezaji mmoja husimama, hutoa fedha, hujisifu kwa pakruok, huwasifu rafiki zake na kwao alikozaliwa, kisha uimbaji huendelea.

Kwa mhakiki wa wingi, ukatizaji huo ni utovu wa adabu ya majonzi. Kwa hakika ndio unaoyaokoa majonzi yasiwe mepesi. Huzuni hairuhusiwi kuelea hewani. Anayetaka kuhuzunika hadharani hujitambulisha, husema ametoka wapi na anahusianaje na waliopo, kisha hutoa kitu. Machozi yamefungwa kwenye jina, na jina limefungwa kwenye wajibu. Mtu anaweza kuzilaumu gharama za matanga, na lawama hiyo ina uzito, hasa kwa mkoa ambao UKIMWI uliuzika watu wake kwa wingi kuliko sehemu nyingine za Kenya. Lakini hawezi kuilaumu huzuni hiyo kwa gharama zake na papo hapo akaiita nyepesi. Hisia nyepesi ni ile isiyogharimu kitu.

Fikra hiyo imehifadhiwa pia katika ngano ya Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay, ambalo jina lake hueleza kijiji kilichozama. Inasimuliwa kwamba mwanamke mzee alifika kijijini wakati watu walipokuwa katika sherehe, akaomba hifadhi, akakataliwa. Mwanamke mmoja tu alimpokea. Huyo alionywa aondoke. Waliobaki walifunikwa na maji pamoja na ngoma zao. Ngano haisemi kwamba wanakijiji walikuwa watu wasio na hisia. Walikuwa wamejaa hisia: walikuwa wakicheza na kufurahiana. Walichokosa ni mlango wa kupitisha hisia hiyo hadi kwa mtu aliyesimama mbele yao akiwa na shida. Kama kuna maelezo bora ya mtu wa hisia nyepesi katika fasihi simulizi ya eneo hilo, ni haya ya mtu anayeufurahia moyo wake mwenyewe huku mgeni akinyeshewa mvua.

Kipimo hicho kikihamishiwa kwenye fasihi andishi, hukumu nyingi zilizozoeleka hubadilika. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, humwongoza msichana kutoka ukali wa baba hadi kujiua, na msomaji anayeimaliza kwa macho makavu ni nadra. Kwa kipimo cha wingi ni rahisi kuishuku. Lakini machozi anayoyadai Kezilahabi yana mdaiwa. Ukali na ulevi wa Zakaria, pamoja na jamii inayotaka ubikira kwa msichana bila kumuuliza mwanamume chochote, vinasimama mbele ya msomaji vikidai jibu. Riwaya hiyo ilipopigwa marufuku katika shule za Tanzania, marufuku yenyewe ilithibitisha kwamba kilio chake kilikuwa kimemfikia mtu. Kitabu cha hisia nyepesi hakimtishi yeyote.

Sasa na tuhuma iwarudie walioitoa. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati. Owuor-Anyumba alikuwa amekwisha kuandika juu ya nyimbo za maombolezo za nyatiti, akizichukulia kama sanaa yenye kanuni. Madai yale yalikuwa ya haki. Lakini yamezaa pia tabia ambayo hayakuikusudia. Mtafiti hufika matangani na kinasa sauti, hurekodi maombolezo, hurudi mjini na kuyaita sauti ya asili yetu inayopotea. Anauhuzunikia utamaduni, lakini mfiwa hamjui kwa jina. Pengine hata tafsiri haikurudishwa kijijini. Huyu ndiye mshairi wa Schiller, anayetamani alichokipoteza; tofauti ni kwamba Schiller alimtaka mtu wa namna hiyo ajitambue. Mtafiti huyu haulizwi lolote na mwongozi wake, kwa sababu machozi yake ni machache na yameandikwa kwa istilahi.

Itapingwa kwamba kuifunga hisia kwenye wajibu ni kuikabidhi kwa ukoo, na kwamba ukoo unajua kuonea. Pingamizi hili ni zito. Baada ya wakili S. M. Otieno kufariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, na ukoo wa Umira Kager walishindania mahakamani haki ya kumzika, na mwaka 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi. Wengi waliona kwamba huko wajibu ulitumiwa kuunyamazisha upendo. Hata hivyo kesi hiyo haiuteteи uhakiki wa wingi. Hakuna upande ulioweza kushinda kwa kuonyesha kwamba ulilia kwa kiasi. Kila upande ulilazimika kutaja unamdai nani nini, na ndiyo sababu madai yao yangeweza kuchunguzwa, kupingwa na hata kulaaniwa. Deni linaweza kuwa la dhuluma, na kazi ya mhakiki ni kulikagua. Hisia isiyo na deni haiachi chochote cha kukaguliwa.

Hivyo basi, neno hisia nyepesi lisifutwe katika msamiati wa uhakiki; lipewe kazi yake. Mhakiki anayelitumia aonyeshe ni nani analiliwa katika kazi husika, ni nani anawajibika kwa mateso yake, na msomaji anaachiwa nini cha kufanya baada ya kufunga kitabu. Asipoweza kuyaonyesha hayo, airudishe riwaya rafuni bila kuitukana. Na mwanafunzi atakayepeleka kinasa sauti Masara aulizwe na idara yake, kabla ya kuulizwa nadharia atakayoitumia, atamrudishia nini mama aliyemwimbia.