Bwana Shamba Anasema: Mzigo wa Siku Mbili, Gari la Mwaka Mzima



Wakati wa kuuza mazao ni wakati wa kupata fedha. Pia ni wakati wa kupoteza fedha. Mkulima akishalipwa fedha za kahawa au mahindi, huanza kujiuliza: ninunue nini? Huku kwetu Mbozi wako wanaojibu upesi: gari. Wengine huuza maksai ili fedha zitimie. Wengine huuza hata sehemu ya shamba.

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo hilo. Sisemi kwamba gari ni kitu kibaya. Nasema kwamba mkulima anaweza kuamua kuishi bila gari lake mwenyewe, na kazi zake zikaenda vizuri. Uamuzi huo si aibu. Ni hesabu. Basi chukua daftari na kalamu, tuhesabu pamoja.

MZIGO WAKO NI KIASI GANI?

Tuchukue mfano. Mkulima amevuna magunia 40 ya mahindi. Kila gunia lina kilo 100. Mzigo wote ni kilo 4,000, yaani tani 4. Soko liko mjini, umbali wa kilomita 30. Kwenda na kurudi ni kilomita 60.

Kama mkulima huyu ana pikapu ya tani 1, atakwenda mjini mara 4. Safari zote ni kilomita 240. Tuseme pikapu yake inakwenda kilomita 10 kwa lita 1 ya mafuta. Atatumia lita 24.

Kama atakodi lori la tani 4, atakwenda mara 1 tu. Tuseme lori linakwenda kilomita 5 kwa lita 1. Litatumia lita 12. Umeona? Lori lililojaa limetumia nusu ya mafuta ya pikapu.

Ni kweli, mwenye lori atataka faida yake. Lakini utamlipa kwa siku hiyo moja. Kesho lori likiharibika, fundi hatakudai wewe.

Sasa hesabu siku. Kupeleka mazao sokoni ni siku 1. Kuleta mbolea na mbegu ni siku 1. Mwaka una siku 365. Je, siku 363 zilizobaki gari litakufanyia kazi gani?

GARI HULA HATA LIKILALA

Jembe likiwekwa stoo halidai chakula. Gari si hivyo. Bima ni lazima kwa sheria. Betri huisha nguvu. Matairi huchakaa. Oili hubadilishwa. Na gari likizidi kuzeeka, thamani yake hushuka, lakini gharama za fundi hupanda.

Linganisha na maksai. Maksai analima. Anavuta mkokoteni. Anatoa samadi ya shamba. Chakula chake ni majani na mabua. Akizeeka, unamuuza kwa nyama na kupata fedha za kuanzia tena.

Mkulima mmoja katika kata ninayofanyia kazi aliuza maksai wake 4 pamoja na mahindi ya msimu mzima. Akanunua pikapu kuukuu. Mvua zilipoanza, pikapu ilikuwa imelala gereji ikisubiri kifaa. Wenzake walikuwa wanalima. Yeye hakuwa na maksai. Aliomba kukodi plau ya jirani, akapewa zamu ya mwisho. Akapanda wiki 3 nyuma ya wenzake. Mvua ziliondoka mahindi yake yakiwa bado yanajaza punje. Mwaka huo mkewe alinunua debe la mahindi sokoni kabla ya Krismasi. Pikapu ilikuwa bado gereji.

MIZIGO YA KILA SIKU

Katika miaka ya 1980 Serikali ya Tanzania na Shirika la Kazi Duniani walifanya kazi ya usafiri vijijini katika Wilaya ya Makete. Wakati ule Makete ilikuwa katika Mkoa wa Iringa. Sasa iko Mkoa wa Njombe. Watu wa kaya waliulizwa: mnakwenda wapi, na mnabeba nini?

Majibu yalionyesha kwamba safari nyingi si za kwenda mjini. Ni za kwenda kisimani, porini kutafuta kuni, shambani na mashineni kusaga. Safari hizo zilikuwa za miguu. Na waliobeba mzigo mkubwa walikuwa akina mama.

Ndugu mkulima, fikiri juu ya jambo hili. Ndoo ya lita 20 ina maji ya uzito wa kilo 20. Mama huibeba kichwani kila siku. Gari la baba lililoegeshwa uani halifiki kisimani, maana njia ni nyembamba. Kule Makete walitengeneza njia za miguu na kuwafundisha wananchi kutumia punda. Punda mmoja hubeba kiasi cha kilo 50 mgongoni.

Kwa hiyo ukitaka kupunguza mzigo wa nyumba yako, anza na vyombo hivi:

1. Baiskeli. Hubeba gunia 1 ikisukumwa. Haili mafuta.

2. Punda. Hupita njia nyembamba na milima. Mwekee tandiko ili asipate vidonda.

3. Mkokoteni wa maksai wawili. Ukiwa na matairi ya mpira, na njia ikiwa nzuri, hubeba magunia 8. Magunia yetu 40 yatatoka shambani kwa safari 5. Kwenye mlima punguza mzigo, na uwapumzishe maksai.

4. Lori la kukodi. Jiungeni majirani, mjaze lori moja, mgawane nauli kwa idadi ya magunia. Andikeni idadi hiyo kabla ya lori kuondoka.

MGONJWA WA USIKU

Watu huniuliza: Bwana Shamba, mbona wewe huna gari? Nawajibu: nina baiskeli, na basi hupita barabarani kila asubuhi. Fedha ambazo zingeliwa na gari zimelipa ada na zimenunua bati.

Lakini mzee mmoja aliniuliza swali gumu. Alisema, "Mwanangu, mkeo akishikwa na uchungu usiku, utampakia kwenye baiskeli?"

Swali hilo ni la haki. Halifai kujibiwa kwa mzaha. Maisha ya mtu hayangoji basi la asubuhi. Kwa hiyo anayeamua kuishi bila gari lazima ajiandae. Kwanza, Tanzania ina mpango wa usafiri wa dharura uitwao m-mama. Unapiga simu namba 115 bila malipo. Mpango huu ni wa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Andika namba hiyo ukutani leo. Pili, kwa wagonjwa wengine, kitongoji kiwe na mfuko wa dharura. Kila kaya itoe kidogo baada ya mavuno. Tatu, patana mapema na mwenye gari aliye karibu. Bei ijulikane mchana, si usiku wakati mgonjwa analia.

Tena kumbuka kwamba hata mwenye gari hana uhakika. Usiku huo gari linaweza kuwa halina mafuta, au liko kwa fundi. Maandalizi ya kitongoji kizima yana nguvu kuliko gari la mtu mmoja.

NANI ANUNUE GARI?

Mtu mwenye mzigo wa kulipiwa karibu kila siku anaweza kununua gari. Chama cha ushirika chenye wanachama wengi kinaweza pia. Gari lao halitalala. Lakini kama mzigo wako ni wa siku mbili kwa mwaka, usiuze maksai wanaokulisha. Ng'ombe wa maskini hazai, walisema wazee. Basi tusimuuze yule aliyebaki ili tupate kitu kisichozaa kabisa.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Mwaka jana ulikuwa na mzigo wa gari siku ngapi?

2. Nyumbani kwako nani hubeba mizigo mingi, na chombo gani kingemsaidia?

3. Kitongoji chenu kimejiandaa vipi kwa mgonjwa wa usiku?