Silinda hedi haifungwi kwa misuli

Najua nimepotea, msinipige mawe. Likizo fupi nilikwenda Mbagala kwa ba'mdogo, na karibu siku zote nimezimaliza nikiwa nimeinama kwenye boneti ya Corolla. Nimerudi hosteli kucha bado nyeusi, mpaka rumeti wangu ananiuliza kama nilikwenda likizo au nilikwenda kuchoma mkaa.

Leo sina habari za bumu wala foleni ya kafteria. Nina hoja moja tu. Kufungua silinda hedi nyumbani kunawezekana, asikutishe mtu. Lakini kama huna cha kupimia, usiifunge. Na kama hujajua ni kwa nini gari ilichemsha, hata ukiifunga vizuri unajisumbua bure.

Ilikuwa hivi. Nimefika, nimetoa shikamoo, ba'mdogo akaitikia marahaba huku anaangalia chini. "Injinia, umekuja wakati mzuri. Gari imekufa." Hilo la Injinia ananiita tangu nichaguliwe chuo. Gari yenyewe ni Corolla 110, injini ya 5A, na ndiyo teksi yake. Inalisha watoto watatu, na ada yangu ambayo mkopo haukuifikia imetoka kwenye usukani huo huo. Kwa hiyo kila siku gari ikilala uani, na mimi nimo kwenye hasara. Na jamani, mimi niko mwaka wa tatu wa uinjinia wa mitambo, lakini sijawahi kufungua hata baiskeli ikafungika!

Dalili zilikuwa wazi. Maji ya rejeta yanapungua na huoni pa kuvuja. Asubuhi egzosi inatoa moshi mweupe usioisha. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili, inatoka rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi imeungua. Kilichotuuma ni kwamba gasketi hiyo ilibadilishwa na fundi mmoja wa mtaani miezi mitatu tu nyuma. Ba'mdogo akasema safari hii hatoi pesa, tunafungua wenyewe. Tukamwita mzee jirani, fundi wa malori aliyestaafu. Sharti lake la kwanza: "Injini haikimbii. Mwenye haraka aende kwa miguu."

Tukaiacha ilale usiku mzima ipoe. Silinda hedi ya gari hii ni aluminiamu, bloku ni chuma cha kalibu, na aluminiamu ikipata joto hutanuka kama mara mbili ya chuma hicho. Ukifungua ya moto unaialika ipinde. Asubuhi tukatoa waya wa betri, tukakinga maji ya rejeta kwenye beseni na kulifunika, maana kulanti ina utamu na ni sumu kwa mtoto, mbuzi au paka. Kila mpira na kila waya nikaupiga picha kwa simu kabla ya kuuchomoa. Alama za mkanda wa taimingi tukazilinganisha na kuzipaka rangi ya kucha ya ma'mdogo, ambaye mpaka leo hajui ilikwenda wapi.

Bolti za hedi ni 10. Zinalegezwa kidogo kidogo, kuanzia pembeni kuja katikati. Hapo ndipo nikaona kitu. Bolti mbili zililegea kirahisi kama kifuniko cha chupa. Nyingine tulilazimika kuvalisha bomba kwenye mpini wa spana, watu wawili tukavuta. Hedi ilipoinuka, gasketi ilikuwa imeungua pale pale kwenye zile mbili legelege. Fundi alifunga kwa misuli: bolti alizozifikia vizuri alizikaza kwa hasira, zile za pembeni akazionea huruma.

Simlaumu peke yake. Tumezoea kusema fundi mzuri ana "mkono uliozoea". Kweli, mkono uliozoea una thamani. Bila ule wa mzee ningekata bolti siku ya kwanza. Lakini mkono wa saa mbili asubuhi si mkono wa saa tisa mchana njaa inauma. Chuma hakijui umechoka.

Kwenye injini hii kazi ni hii: unaanza kukaza katikati kwenda nje, nyutoni-mita 29 kila bolti. Halafu kila moja unaizungusha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine. Unaweka tone la rangi kwenye kichwa cha bolti ili uone imezunguka kiasi gani. Gari yako ikiwa ya injini nyingine tafuta namba zake, usichukue zangu. Spana ya torki tuliikodi gereji kwa siku moja, kwa pesa ndogo kuliko bei ya gasketi. Mzee mwanzoni alicheka. Tulipofika bolti ya tano akawa anasoma namba pamoja nami.

Na kabla ya kukaza kuna mambo matatu ambayo watu wanayaruka. Kwanza, hedi ipimwe unyoofu. Unaweka rula ya chuma iliyonyooka na kujaribu kupitisha fila chini yake. Uso unaokaa kwenye bloku usizidi mpindo wa milimita 0.05. Unywele wako huenda ni mnene kuliko hapo, kwa hiyo jicho halitoshi. Yetu ilizidi, tukaipeleka Gerezani ikasawazishwe kwa mashine na kupimwa nyufa. Pili, matundu ya bolti yakaushwe. Maji au oili ikibaki chini, bolti inagota kwenye kimiminika, spana inakudanganya kwamba imekaza, na bloku inaweza kupasuka. Tatu, bolti hazilingani urefu: fupi zinakaa upande wa inteki, ndefu upande wa egzosi. Sisi tulitoboa boksi la karatasi kwa mpangilio wa hedi, kila bolti na tundu lake.

Basi bwana, tumefunga, mimi nataka kuwasha nipige picha ya ushindi. Mzee akanizuia. "Maiti tumeiona. Muuaji yuko wapi?" Nikakaa kimya. Gasketi haiungui bila sababu, kitu kiliichemsha gari. Tukaunganisha feni ya rejeta moja kwa moja na betri: kimya. Mota imekufa. Ndiyo maana barabara ikiwa nyeupe gari haikusumbua, upepo unapita wenyewe, lakini kwenye foleni ya barabara ya Kilwa mshale unapanda. Themostati nayo haipo, ilishatolewa zamani kwa hoja ile ile ya "nchi yetu ya joto". Jamani, themostati hufunguka injini ikifika kama nyuzi 82, na hakuna mchana wa Dar wenye joto hilo. Kuitoa ni kuinyima injini joto lake la kazi, na wala hakufufui feni. Tungewasha siku ile, miezi mitatu baadaye tungekuwa pale pale na gasketi ya tatu.

Sasa nije kwetu wa chuo. Swali la torki nimelifanya kwenye mtihani nikapata A. Nilikokotoa nguvu mara urefu wa mpini, nikapigia mstari jibu. Lakini siku ile uani mkono wangu haukujua nyutoni-mita 29 ni kukaza kiasi gani. Mzee aliyeishia darasa la saba alijua, ila hakujua namba yake. Mimi nina kipimo bila mkono, mtaa una mkono bila kipimo, na katikati hapo ndipo gari za watu zinakufa. Likizo ijayo, mwenzangu wa uinjinia, usiende mtaani kumfundisha fundi. Nenda kamshikie taa, ubebe na spana ya torki.

Na kama huna vifaa, huna mtu wa kukuelekeza, au hedi imeonekana na ufa, peleka gereji inayopima. Kujua mwisho wako si aibu.

Jana ba'mdogo kanitumia meseji: "Injinia wiki ya pili maji hayajapungua." Safari hii jina halikunichoma sana. Haya, lekcha ya saa mbili inanisubiri. Kucha zitatakata zenyewe.