Fumbo la Mtoto, Mfumbuzi ni Mzazi

Ukiketi kwenye stendi ya Garsen asubuhi, wakati magari ya Malindi, Hola na Lamu yanapopakia abiria, utasikia lugha nyingi kabla chai yako haijapoa. Mpokomo azungumza Kipokomo, Muorma Kiorma, Msomali Kisomali, na Mgiriama aliyefuata biashara ana Kigiriama chake. Wote hao wakikutana juu ya bei ya samaki, ya embe au ya mbuzi, huelewana kwa Kiswahili. Sisi wazazi wa bonde la mto Tana tumezizoea lugha za watu, na mtoto wa hapa aghalabu huanza shule akiwa amekwisha jua mbili au tatu. Ajabu ni kwamba mzazi huyo huyo, asiyetishwa na lugha ya jirani, siku hizi anatishwa na lugha inayosemwa chini ya paa lake mwenyewe.

Nasema juu ya maneno ya vijana yanayopita katika simu. Kijana huulizwa na mwenzake "rada?", naye akajibu kwamba "form" ni ile ile ya jana, "mbogi" yote inakuja, ila "mathe" bado yuko kwenye "keja". Mama mtu ameketi hapo hapo akichambua mchicha, wala hajui kwamba mathe ni yeye, keja ni nyumba yake, rada ni habari, form ni mpango, na mbogi ni kundi la marafiki. Amesemwa mbele ya macho yake, na hakusikia kitu.

Wazazi ninaowasikia wakilalamika wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza husema huo ni uhuni mtupu, na dawa yake ni kumnyang'anya mtoto simu. Wa pili husema hayo ni mambo ya utoto, yatapita yenyewe kama mafuriko ya mto. Mimi ni mama wa watoto watatu, wawili wao wako shule ya sekondari, na naona makundi yote mawili yanakimbia kazi ile ile. Kazi yenyewe ni kuuliza neno lina maana gani, na kuwa mtu ambaye mtoto yuko tayari kumjibu.

Kwanza tukubali kwamba kusema kwa kificho si ugeni ulioletwa na simu. Watoto wa pwani walicheza kinyume tangu zamani, wakilikata neno na kuitanguliza silabi ya mwisho, hata nyumba ikawa "mbanyu" na chakula kikawa "lachaku", ili mkubwa asishike mazungumzo. Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, mchezo huo wa kinyume aliukuta na kuuweka kitabuni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliwafumbia mahasimu wake kwa mashairi. Na mama zetu je? Mwanamke huchagua leso kwa jina lake, akajifunga na kupita mbele ya mlango wa mtu, na ujumbe ukafika bila yeye kufungua kinywa. Sisi tuliolelewa na wanawake hao hatuwezi kudai kwamba hatujui fumbo ni kitu gani.

Wala kufupisha maneno si ugonjwa wa kizazi hiki. Zile herufi OMG, ambazo vijana huziandika kwa maana ya "Ee Mungu wangu", ziliandikwa mwaka 1917 na mzee wa miaka 76, Admirali John Fisher wa Uingereza, katika barua aliyompelekea Winston Churchill.

Kwa upande wa Kenya, Sheng ambayo ndiyo mama wa maneno mengi haya ilikulia katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, na imekwisha fika umri wa kuwa na wajukuu. Mwaka 2003 Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga waliitolea kamusi, ikachapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2010 kikaanza kitabu cha katuni kiitwacho Shujaaz, kilichowafundisha vijana kilimo, biashara na haki zao kwa Sheng ile ile wanayoisema. Kwa hiyo anayesema kwamba hayo ni maneno ya wahuni peke yao ameachwa nyuma na gari kitambo.

Basi jipya ni lipi? Naona mambo mawili. La kwanza ni mwendo. Zamani neno la Nairobi lilifika Garsen na utingo wa basi, likachakaa njiani. Leo neno linazaliwa Marekani usiku, na asubuhi mtoto wa Tarasaa analo. Mwaka 2025 kamusi ya mtandaoni ya Dictionary.com ilichagua "67", yaani sita-saba, kuwa neno la mwaka. Lilitoka katika wimbo wa mwanamuziki wa Marekani aitwaye Skrilla, watoto wakalipokea wakawa wanalipigia kelele madarasani, na maana maalumu halina. Mzazi aliyekosa usingizi akitafuta siri iliyomo ndani ya sita-saba alijisumbua bure, kwa maana raha yake yote ni kwamba mkubwa halielewi.

La pili ni zito zaidi. Katika mchezo wa kinyume, mtoto alizungumza na mtoto wa jirani, nasi tulimjua mama yake na baba yake. Katika simu, anayezungumza na mtoto anaweza kuwa mtu yeyote, wa umri wowote, popote. Lugha ya vijana haina mlango. Hata mtu mzima mwenye nia mbaya huweza kujifunza maneno 20 na kujifanya kijana wa kidato cha nne.

Nitatoa mifano miwili, msomaji apime mwenyewe.

Binti yangu alimwandikia mwenzake neno moja, "nimekufa", na pembeni akaweka picha ya fuvu la kichwa. Nilimuuliza, "Mwanangu, nani kafa?" Akacheka hata akashika mbavu. "Mama, si kufa huko. Ni kucheka sana." Akanieleza pia kwamba mtu akiambiwa "umeua" amesifiwa kwa mavazi au kwa wimbo, wala hakushtakiwa. Nami nikamkumbusha kwamba hata sisi husema tumevunjika mbavu, na hospitali hatuendi. Hapo neno lilikuwa la kutisha, lakini jambo lenyewe lilikuwa la furaha.

Mfano wa pili ni wa jirani yangu. Kama nyumba nyingi za hapa, simu ya kwao ni moja: ndiyo ya M-Pesa, ndiyo ya kupokea habari za shule, na jioni ndiyo ya binti. Siku moja mama huyo alikuta maneno haya: "Niko na thao ya luku. Form ni Malindi wikendi. Usishow mathe." Hakuna picha ya fuvu wala neno la kutisha. Yeye alielewa Malindi tu. Hakupiga kelele, wala hakuivunja simu. Alimwendea mpwa wake mwendesha bodaboda, akafasiriwa: nina shilingi elfu moja za mavazi, mpango ni Malindi Jumamosi na Jumapili, usimwambie mama. Alipoketi na bintiye taratibu, ikaonekana kwamba huyo aliyejiita mwanafunzi hajulikani na mtu yeyote mjini, na binti mwenyewe alikuwa na hofu asijue amwambie nani. Safari ikafa hapo.

Tazama tofauti. Neno la kifo lilikuwa mzaha, na neno la nguo mpya lilikuwa mtego. Ndiyo maana orodha ya maneno mabaya, hata ukiibandika ukutani, haitakusaidia sana. Mwakani maneno yatakuwa mengine. Miaka michache iliyopita vijana waliandika "xaxa" kwa maana ya sasa, na leo mdogo wao akiiona huwacheka kuwa wazee.

Kwa kuwa tunakaa Garsen, tunaye mwalimu wa jambo hili karibu. Kipini, pale Tana inapoingia baharini, ndipo wengi huonyesha kaburi la Fumo Liyongo. Kisa chake twakijua: alipofungwa gerezani Pate, mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi, na walinzi wakala kizuri. Liyongo akamtumia mama ujumbe wa kishairi kwa kinywa cha kijakazi yule yule, mbele ya walinzi. Wao walisikia maneno tu. Mama alisikia haja ya mwanawe, akaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wakachukua mikate mizuri, wakamwachia mfungwa ule wa wishwa, naye akakata minyororo huku ngoma ya gungu ikifunika sauti ya tupa. Mama aliweza kwa sababu alimjua mwanawe tangu kabla ya gereza.

Lakini kisa hicho kina upande wa pili, nao watuhusu vile vile. Aliyemuua Liyongo ni mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba. Watu wa Pate walimwendea kijana kwa maneno matamu, wakamwahidi kuozwa binti wa mfalme, naye akanunulika. Mtoto asiyeonywa juu ya maneno matamu hupata watu wengine wa kumwambia la kufanya, na hao hawamtakii mema yeye wala nyumba yake.

Hebu basi tuseme la kutenda. Uliza neno wakati wa amani, si wakati wa hasira. Mtoto anayeulizwa "hili maana yake nini?" huku anamenya viazi atajibu, anayeulizwa fimbo ikiwa mkononi atatunga uongo. Ukiisha kuelezwa, usilichukue neno ukaanza kulitumia mwenyewe ili uonekane kijana. Mzazi akisema "form ni gani, mbogi?" watoto watalitupa neno hilo siku ile ile na kutafuta jingine usilolijua.

Pili, usipime sauti ya neno. Pima linataka nini. Maneno ya salamu, ya mzaha na ya kujisifu, yaache yapite. Lakini ukisikia fedha zinaahidiwa bila kazi, ukisikia majina ya bangi kama "ngwai" au "shada", ukisikia picha za mwili zinaombwa, au ukisikia agizo la kumficha mzazi, hapo simama. Agizo la kuficha ndilo kubwa kuliko yote, na hilo hutambulika kwa lugha yoyote. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yakataza kumdhulumu mtoto kwa njia ya mtandao, na namba 116 hupigwa bure na mzazi au mtoto anayetaka msaada.

Tatu, tubadilishane. Nyumbani kwangu binti hunipa neno moja la kwao nami humpa moja la kwetu: methali, kitendawili, au kinyume, ambacho sasa amekipenda kwa sababu wenziwe hawakijui. Nilimweleza kwamba sauti ya wimbo wa taifa tulioupata mwaka 1963 ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe maneno ya nyumbani yaweza kufika mbali hivyo!" Naam, yaweza, na ya vijana vile vile. Juni 2024, vijana walipopinga Mswada wa Fedha, waliufafanua katika simu kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za makabila, na wakampa Rais jina la Zakayo, mtoza ushuru wa Injili ya Luka. Wako wazazi waliosikia "Zakayo shuka" wakadhani watoto wamerudia somo la dini. Tarehe 25 Juni vijana waliingia Bungeni, na wengine wao hawakurudi nyumbani wakiwa hai. Siku ya pili yake Rais alikataa kuutia sahihi mswada. Ukiuunga mkono msimamo wao ama usiuunge, mtoto anayekwenda mahali pa hatari anastahili kuwa na mzazi aliyejua alikuwa akisema nini.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua. Nami naongeza kwamba werevu wa mzazi si kulijua kila neno. Ni mtoto kujua kwamba, siku fumbo litakapomshinda yeye mwenyewe, iko nyumba moja atakayoweza kulileta bila kuogopa, na nyumba hiyo ni ile aliyozaliwa.