WALIMU WA CHUO KIKUU, MNANGOJA NINI?

Ndugu wafanya kazi wenzangu,

Mkutanoni mwezi uliopita ndugu mmoja alisema kwamba walimu wa Chuo Kikuu wakipata nafasi za kwenda ng'ambo kufundisha na kufanya utafiti, hizo ni raha zao, sisi watu wa reli hazituhusu. Makofi yakapigwa. Mimi sikupiga.

Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni tu, na kwetu ni Kathonzweni. Lakini mdogo wangu anasoma Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kile cha Kwa Vonza kilichopata hati yake mwaka 2013. Karo inatoka katika jasho langu. Itakuwaje mwalimu wake asinihusu?

Nilipokaa stesheni moja miaka minne niliamini kwamba njia ya reli hutengenezwa kwa namna moja tu. Nilipohamishwa nikakuta gengi nyingine inashindilia kokoto kwa namna yake, tena mgongo hauumi sana. Wakanifundisha, nami nikawaonyesha mambo mawili matatu yetu. Mwalimu naye ni hivyo hivyo.

Tena sisi wa vyama tusijisahau. Tom Mboya alikuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi la Kenya alipokwenda kusoma Ruskin College, Oxford, mwaka 1955. Alirudi 1956, na mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya mpango wake ikapeleka vijana 81 Marekani. Wangari Maathai alisafiri kwa mpango huo mwaka 1960, akarudi 1966, halafu akaenda tena Ujerumani kwa utafiti. Je, hizo zilikuwa raha?

"Wakienda hawarudi." Wako kweli waliopotelea huko, na siwatetei. Lakini nafasi ya kubadilishana walimu si kuhama. Mpango wa Fulbright, ulioanzishwa kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1946, kwa kawaida humtaka mgeni akimaliza arudi kwao akae miaka miwili kabla ya kuomba kuhamia kule.

Na msidhani tunakwenda kuomba tu. Ukambani tunajenga ukuta wa zege kukata mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanakaa ndani ya mchanga jua lisiyafikie. Chuo Kikuu cha Arizona kiko Tucson, nchi kavu kama yetu. Mwalimu wa Kwa Vonza akifika huko ana la kufundisha, na ana la kuleta.

Sasa nawageukia ninyi walimu. Wengine mnasema fomu ni ndefu, wengine mnaogopa kukuta kiti kimekaliwa. Hofu ya kiti ni ya haki, lakini dawa yake si kukaa kimya. Nanyi mna chama! Kidai likizo iandikwe, cheo kilindwe, na mgeni wa kubadilishana aje kushika darasa, wanafunzi wasikae bure. Ama fomu, mtu aliyeandika tasnifu nzima hawezi kuniambia karatasi kumi zimemshinda.

Mkutano ujao wa tawi nitatoa hoja tuwaandikie wenzetu wa chama cha walimu barua ya kuwaunga mkono. Yule ndugu aliyepigiwa makofi namwomba aje, tena akae mbele.